Aliyesimama Kushoto

Umeme ulikatika nikiwa mtaani Bel-Air, kwenye duka la fotokopi, tukakaa kwenye benchi kungoja. Kando yangu baba mmoja anayesomea uchungaji alikuwa akijizoeza mahubiri yake kwa sauti ya chini. Anasema sentensi moja ya Kifaransa, ananyamaza, anageuza uso kushoto, anangoja, ndipo anaendelea.

Mama mwenye duka alishindwa kuvumilia. "Papa, uko unangojea nani?"

"Marehemu bibi yangu, mama ya batoto bangu. Yeye njo alikuwa anatafsiri mu Kiswahili. Ku masomo mwalimu ananiambia, 'Papa, usisimame pale, endelea.' Lakini kinywa imezoea."

Mama akamwambia, "Basi rudilia ile ya mwisho."

Akairudia, akageuka kushoto, na mama akaitafsiri neno kwa neno, bila kosa.

Baba akatabasamu, akatikisa kichwa. "Aksanti, mama. Ni vile njo nilisema. Lakini yeye alikuwa anaongeza. Miye nasema sentensi moja, yeye anasema tatu, na bantu banalia juu ya zile mbili zake."

Mjini kwetu, ibada ikiisha, tunapanga mstari kumpa mhubiri mkono. Mkalimani tunampita kama kiti. Mimi pia nimempita mara nyingi, macho yangu yakiwa kwa mwenye koti.

Umeme ukarudi, mashine ikaanza kunguruma. Nikamwuliza yule baba sasa anajifunza nini huko kwenye masomo.

"Zile mbili," akasema, akageuza uso kushoto.