Kopo la Mate

Siku hiyo nilirudi kutoka kazini nikakuta mama amepanda mbegu za dania ndani ya kopo lake la mate. Ramadhani ilikuwa imeanza juzi tu. Nilisimama mlangoni, viatu mkononi, na kabla sijauliza lolote nilishajua ni nani aliyepita nyumbani kwetu.

Kopo lenyewe lilikuwa la mafuta ya kupikia, kuukuu, limetiwa mchanga chini. Kila Ramadhani mama aliliweka kando ya mkeka wake, na tangu alfajiri hadi magharibi alikuwa akitema. Nyanya, mama yake baba, ndiye aliyemfundisha hivyo alipoolewa: ukimeza mate, umefungua. Basi mama hakumeza. Midomo ilimkauka, sauti ikamkwama kooni, naye akatema. Sisi watoto tulikua tukiusikia mlio ule kama sehemu ya mwezi wenyewe, pamoja na harufu ya tambi zikikaangwa. Jioni mmoja wetu alilimwaga kopo na kulisuuza, yakaishia hapo.

"Kopo lako limekuwa bustani?" nikamuuliza.

"Madam amesema mate yangu mwenyewe haiharibu kitu. Ati nimeze tu." Akameza kwa makusudi, akanionyesha koo likipanda na kushuka, akacheka. Halafu kicheko kikakatika. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu madrasa."

Alinitazama kidogo, kisha akamwagia dania maji.

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kusema kwamba mtu hamsahihishi mama yake, kwamba nilidhani ni mazoea tu ya watu wazima, kama wale wasiopokea chumvi usiku. Nilikwenda jikoni nikabamiza sufuria, na aliyekuwa akibamizwa moyoni mwangu ni yule Madam.

Huyo Madam ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari upande wa Ahero. Kwao ni Otonglo, na watu wa kwao ni watu wa kanisa, wa kwaya na sare za Jumapili. Aliingia Uislamu miaka michache iliyopita kwa miguu yake mwenyewe, bila mume wa kumvuta, jambo ambalo akina mama wengi wa msikitini kwetu walilitilia shaka. Jumamosi alasiri, katika chumba cha wanawake nyuma ya msikiti, alikaa mbele kabisa. Kila ustadha, mwalimu wetu wa dini, alipotaja jambo, yeye aliinua mkono: "Hiyo tumeitoa wapi?" Mara ya kwanza kumsikia nilidhani ni ufidhuli. Sisi tuliozaliwa ndani, ambao babu zetu walikuja Kisumu wakiifuata reli, hatuulizi tumeitoa wapi. Tumeitoa kwa nyanya.

Mama alimpenda siku hiyo hiyo. Mama ni mzaliwa wa Katito, Mjaluo, na alisilimu alipoolewa na baba. Nilikuwa nikilijua hilo kama ninavyoijua rangi ya geti letu, yaani bila kuliangalia. Nyumbani kwetu kilizungumzwa Kiswahili peke yake, nyanya alitaka hivyo, na Kijaluo cha mama kilibaki sokoni. Basi alipompata Mjaluo mwenzake wa kuketi naye kwenye darasa na kumnong'oneza kwa lugha ya kwao, alifunguka kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Akawa anamwita nyara, kwa Kijaluo. Binti yangu. Mimi, binti yake wa tumboni, sijawahi kuitwa hivyo hata siku moja. Mimi naitwa "we".

Nasema wazi, niliona wivu. Madam akija, mama huinuka kwenye mkeka kumpokea. Nikirudi mimi na miguu imevimba, huulizwa kama nimeleta mkate. Kipya kinyemi, wahenga walisema, nami niliuona unyemi huo kila wikendi sebuleni mwetu.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni suala la kufunga. Mama ana kisukari, na mimi nauza dawa. Kwa miaka nimemwambia kwa upole, kwa ukali, kwa machozi: mama, kula. Ramadhani iliyopita alisujudu adhuhuri asiinuke. Nilimmiminia maji ya sukari mdomoni. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Umenivunjia saumu yangu!" Hakusema nami hadi kesho yake. Nilijua kwamba akifunga tena mwaka huu, huenda nisimwahi.

Sasa sikia. Wiki hiyohiyo ya kopo, Madam alimpeleka kwa daktari, akampeleka kwa ustadha, kisha akakaa naye chumbani alasiri moja. Moja tu! Alipoondoka, mama alitoka akatangaza kwamba hatafunga. Ugonjwa wake si wa kupona leo wala kesho, Mungu amempa ruhusa, na kwa kila siku atamlisha masikini mmoja. Alilisema kwa utulivu kana kwamba ni jambo aliloliokota mwenyewe.

"Si ndiyo nimekuwa nikikuambia?" nikafoka.

"Wewe ulisema nikule. Hukusema hiyo ingine."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli alipona, sukari ilishuka, nami ndiye niliyeipima. Ila masikini aliyechaguliwa alikuwa mzee kipofu anayekaa nyuma ya soko la Kibuye, na mbeba chakula nikawa mimi. Madam apate thawabu ya kufundisha, mama apate ya kulisha, mimi nipate kuchomwa vidole na sufuria.

Nikaamua kumtafutia Madam kosa. Dukani, wateja wakipungua, nilisikiliza masheikh kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, nikitarajia kumpata atakayesema kwamba mama amepotoshwa. Nilijifunza mengi mwezi ule kuliko miaka yangu yote ya madrasa. Nilijifunza tofauti ya mgonjwa anayetarajiwa kupona, ambaye atalipa siku zake, na yule asiyetarajiwa, ambaye hulisha. Kila nilipochimba nilimkuta Madam amefika kabla yangu. Mwishowe nilimfuata ustadha baada ya darasa, nikamuuliza kwa sauti ya mtu anayejali dini.

"Alivyomwambia mama yako ni sawa," akanijibu. Kisha akanitazama chini ya miwani. "Kuna wivu unaoruhusiwa, wa kumwona mtu amepewa elimu anaifundisha, nawe ukatamani kuwa kama yeye. Wako ni huo?"

Nikasema ndiyo. Nilisema uongo, tena msikitini, tena Ramadhani. Mimi sikutaka kuwa kama Madam, nilitaka Madam arudi Otonglo.

Tatizo likawa kwamba mama alikula kwa kujificha. Kila adhuhuri aliingia chumbani na sahani, akageuza ufunguo. Mimi sikuruhusiwa. Madam aliruhusiwa. Wikendi aliingia naye akakaa humo wakizungumza, yeye amefunga, mama anakula. Kuna Jumamosi moja nilipita kwenye ukumbi nikasikia vijiko viwili. Nikajua Madam yuko kwenye siku zake. Walikuwa wakila pamoja na kucheka, mlango umefungwa, nami nje na ufagio.

Nilivumilia hadi Madam alipoondoka. "Mama, mimi nimekukosea nini? Unajificha nisikuone, na mtu wa nje unamfungulia!"

Nilitarajia anikemee. Badala yake aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Ramadhani yangu ya kwanza katika nyumba hii nilikuwa na wewe tumboni," akasema. "Natapika kila kitu. Siku moja nikaona giza. Nikaenda nyuma ya jiko nikakunywa uji. Nyanya yako akanipata na kikombe."

"Alikufanya nini?"

"Hakunipiga. Aliita mashemeji, akawaambia, huyu mlango aliingilia bado uko wazi, siku yoyote atarudi kwao kanisani." Alikung'uta mikunjo ya leso yake. "Tangu hiyo siku sijawahi kuonekana nikikula mchana wa Ramadhani. Hata nikiwa kwa siku zangu, nilikuwa natema mate kwa kopo kama wengine. Wewe ukiniambia, mama, kula, mimi nasikia nyanya yako. Nasikia, wewe ni wa kuja, saumu si yako."

"Mimi sikumaanisha hivyo."

"Najua. Lakini Madam aliniuliza kwa nini siwezi kula. Wewe hukuniuliza."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hata hilo nililijua tangu shule ya msingi. Nilitoka nikasimama uani karibu na lile kopo. Dania lilikuwa limeanza kuchomoza. Uji ule aliunywa kwa ajili yangu, na aliyeambiwa habari yake kwanza ni mtu wa Otonglo. Hapo wivu wangu haukupungua hata chembe. Uliongezeka, ila sasa niliuonea wivu pia mlango ule wa Uislamu ambao wao wawili waliugonga na mimi nilizaliwa nyuma yake.

Jumapili iliyofuata simu yangu ililia ujumbe. Madam: "Dada, nimeenda nyumbani kuona mama yangu, nitarudi jioni. Tafadhali angalia mama akule, asingoje mimi." Aliniita dada. Nikachukia, nikapakua wali.

Siku hiyo mimi mwenyewe nilikuwa na udhuru wa siku zangu. Siku kama hizo nilizoea kunywa maji kwenye choo cha duka la dawa, bomba likiwa wazi nisisikike, kisha natoka nikiwa na uso wa mfungaji. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Niliweka wali na samaki mzima wa ngege kwenye sinia, nikaweka vijiko viwili, nikaenda nikagonga.

"Hodi."

"Karibu, nyara," akajibu mbio, na ufunguo ukageuka.

Aliponiona uso wake ulishuka kidogo. "Kumbe ni we."

"Ni mimi. Madam ameenda kwao."

Akatazama sinia. Akahesabu vijiko kwa macho, akanitazama, nami nikatikisa kichwa kukubali. Akasogea kwenye mkeka. Nilipogeuka nifunge mlango akanizuia.

"Wacha hivyo. Joto."

Tukala. Mdogo wangu wa kiume alikuwa uani akiosha pikipiki yake, na aliinua kichwa akatuona, mama na dada yake, adhuhuri ya Ramadhani, midomo imejaa. Mama alimtazama machoni akaendelea kutafuna. Nilitaka kulia, lakini wali ulikuwa moto.

Kisha akakivunja kichwa cha samaki, sehemu anayoipenda kuliko zote na humpa tu mtu anayemthamini. Nikakinga upande wangu wa sinia. Akakiweka kwenye bakuli dogo, akakifunika.

"Hii tumwekee Madam."

"Madam amefunga, mama."

"Si atafuturu? Utampelekea."

Nikala mkia. Saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya ziwa, nilikuwa njiani na bakuli lile kwenda kumngoja Madam kwake, nimejifunga mtandio, watu wanaonijua wamejaa barabarani. Nusu ya njia nilisimama, nikakifunua kichwa, nikanyofoa jicho moja nikalila palepale mbele yao. Kisha nikakifunika vizuri na kumpelekea.