Jiwe Lililonitia Adabu

Ukweli unauma, lakini nitausema. Mimi Gaudensi, fundi mwashi, mjukuu wa wafua chuma wa Ufipa, nilishindwa na mke wa bwana shamba.

Ilikuwa mwaka 1975, tumehamia kijiji cha ujamaa ng'ambo ya Mollo. Serikali ilituahidi saruji ya zahanati, mradi msingi uwe tayari kabla ya Sabasaba. Tukichelewa, saruji inakwenda kijiji kingine, na wajawazito wetu wanaendelea kubebwa kwa machela hadi Sumbawanga. Karibu nasi kulikuwa na mawe meusi tu, mazito, yenye vitundu.

"Hayo ni mavi ya chuma!" nikasema. Babu zetu waliyeyusha chuma huku, makapi yao yamezagaa kila kilima. "Yanapasuka kama chupa. Sijengi nayo."

Mama Atuganile, huyo mke wa bwana shamba, mzaliwa wa Rungwe kwenye milima ya volkano, akatikisa kichwa. "Fundi, nimekua juu ya jiwe hili. Lilitoka ardhini likichemka, likapoa. Vitundu hivyo ni mapovu."

"Kwenu ni kwenu, mama!" Watu wakacheka. Sikuwa na adabu, nakiri.

Kesho yake akaja mkutanoni na mawe mawili: moja kaliokota kwenye tanuri la kale, jingine la pale pale. Akanipa nyundo.

Nikapiga la tanuri. Paa! Vipande, ndani linang'aa kama kioo, na kijipande cha mkaa kimenasa humo. Nikapiga lile jingine. Ngii! Nyundo ikaruka, mkono ukafa ganzi. Pigo la saba ndipo likapasuka: ndani jeusi lisilong'aa, punje zake ndogo hata hazionekani.

"Tena chimba," akasema. "Mwamba wake unashuka chini. Babu zako walimwaga makapi hadi tumboni mwa ardhi?"

Lo! Kicheko kilichoangushwa pale, mimi ndiye niliyechekwa.

Tukajenga usiseme. Siku tatu kabla ya Sabasaba, afisa ujenzi akafika na lori, akagonga kona zote nne, akatabasamu. "Fundi, nani alichagua jiwe hili?"

Watu wakanitazama. Ningesema ni mimi, nani angebisha?

"Mama Atuganile," nikasema kwa sauti. "Mimi nililikataa."

Akina mama wakamnyanyua juu juu. Saruji ikaanza kushushwa, mfuko baada ya mfuko, na mimi nikapiga vigelegele, mwanamume mzima na ndevu zangu. Anayetaka kucheka aje kwangu.