Mraba Mmoja Mbele ya Handaki

Usiku ule nililala na hasira. Mchezo wetu wa vita ulikuwa umetushinda, na asubuhi Salome, mwalimu mwenzangu, alikuwa anakuja kuujaribu kwa mara ya mwisho. Tulikubaliana kwamba ukigoma tena, ubao tunaufanya kuni. Nilikubali kwa mdomo tu. Ubao ule niliutengeneza na marehemu Mzee Mbwilo, fundi seremala aliyewahi kuwa askari ujanani. Kila kilima na kila askari wa mti alivichonga yeye, na sikuwa na kitu kingine cha kumkumbukia.

Tatizo lilikuwa mahandaki. Mlinzi huyaandika kwa siri kwenye karatasi yake, na hulazimika kuyafichua adui akifika umbali wa kuyaona. Kanuni yangu ilisema umbali huo ni miraba mitano; adui aliyaona mapema akayakwepa, na mlinzi hakuwahi kushinda hata mara moja. Mzee aliipinga tangu mwanzo. "Mitano ni mingi, mwalimu," alisema. Mimi na ubishi wangu nikainamia meza, nikavuta uzi kutoka kwa askari hadi handakini. Uzi haukugusa kilima, nikasema basi anaona. Nikaandika tano. Miezi miwili baadaye tukamzika.

Usingizini nikajikuta uwandani, jua la saa nne likiwaka. Nyasi zinanifika magotini. Ardhi imechorwa miraba mikubwa kama viwanja vya nyumba, na vilima navijua, vina alama za patasi. Wala sishangai.

"Mwalimu, nitafute," sauti ya Mzee inasema. "Nipo handakini."

Nacheka, maana naona ni kazi ndogo. Natazama miraba mitano mbele, naona nyasi. Navuka mstari, nyasi. Navuka wa pili, nimo ndani ya karakana yake, maranda yamejaa chini na harufu ya mninga inanijaa puani, kisha nipo uwandani tena bila kupita mlango wowote. Navuka wa tatu na wa nne, umebaki mraba mmoja na bado sioni kitu. Naanza kukasirika, kama kawaida yangu. Najisemea hayupo, amenidanganya. Napiga hatua mbili tatu, mkono unanishika kifundo cha mguu.

"Umenikanyagia paa," anasema.

Natazama chini. Yupo, kidevu kimelingana na ardhi, magogo yamefunikwa udongo na nyasi juu yake. Anacheka hadi mabega yanatikisika, na meno yaliyomtoka uzeeni yamerudi yote. Nafurahi kumwona hadi machozi yananitoka. Nataka kumwomba radhi, hanipi nafasi.

"Ulipima kwa macho ya mtu aliyesimama mezani," anasema. "Askari hana meza. Andika moja."

"Na akiwa juu ya kilima?"

"Huyo mpe tatu. Usimnyime haki yake."

Nikaamka kumekucha. Sikunawa hata uso, nilikwenda moja kwa moja kwenye daftari la kanuni, nikafuta tano nikaandika moja.

Salome alipofika nilimpa ulinzi, nikachukua mashambulizi. Askari wangu walisonga mbele wakijiamini, mraba baada ya mraba, naye ametulia na karatasi yake. Nilipofika karibu kabisa na daraja alilokuwa analilinda, akaifunua.

"Simama hapo hapo, mwalimu. Umeshafika kwangu."

Jeshi langu lilisambaratika kabla chai haijapoa. Sijawahi kupigwa vile, na sijawahi kufurahi vile. Nilishangilia hadi jirani akachungulia dirishani kuona kuna nini.

"Nani amekushauri uandike moja?" Salome akaniuliza.

"Mzee Mbwilo."

"Lini?"

"Leo alfajiri."

Hakucheka. Aliwarudisha askari wote mahali pao, mmoja mmoja, akaniambia nichimbe mahandaki yangu, sasa ni zamu yake kushambulia.