Nilizungusha seng'enge Mugango bila kuuliza, mama akaanza kusikia wageni

Wakuu, heshima kwenu. Asiyeamini apite tu, ila haya yalinikuta mwenyewe, sikuhadithiwa.

Miaka ile ya watu kupunguzwa kazi, jina langu nalo lilisomwa. Nikarudi nyumbani Mugango, kijijini kando ya ziwa, kwa mama. Macho yake yalikuwa yameshazima.

Mbuzi wa majirani walikuwa wanamaliza mihogo yetu, nikaamua kuzungusha seng'enge shamba zima. Utaratibu wa kule, unamwita balozi wa nyumba kumi na majirani, mnaupitia mpaka wa shamba pamoja kwa miguu, ndipo unachimba shimo la kwanza. Mimi wa mjini nikaona huo ni ushamba. Ujuaji tu, wakuu.

Wiki ya pili, kila mchana jua likiwa utosini, nikawa nasikia hatua kutoka upande wa ziwani. Nyingi, nzito, za watu wanaokwenda pamoja.

Zikifika kwenye waya zinanyamaza.

Naenda kuangalia, hakuna mtu wala unyayo. Ila nguzo mbili, zilezile kila siku, zimeinamia ndani. Nazinyoosha, kesho zimeinama tena.

Sikumwambia mama. Nilikuwa naogopa, nakiri.

Siku moja nampa uji, akageuza uso kule kwenye nguzo.

"Mwanangu, wale watu wanasimamaga pale na mzigo mabegani. Mbona huwafungulii?"

Nilimwaga uji. Nikaenda mbio kwa balozi, mzee wa watu hata hakushangaa. Akanieleza kwamba marehemu wote wa upande wa ziwani hupitishwa pale kwenda makaburini, na aliyeifunga njia hiyo, akifiwa hakuna jirani atakayeshika jeneza. Nikalalamika, mbona waliniona nachimba wakanyamaza?

"Ulituuliza?"

Jioni ileile niling'oa zile nguzo mbili, majirani wakishuhudia. Nikawaomba radhi mmoja mmoja.

Kesho yake mchana hatua zikaja. Hazikusimama. Mama akatabasamu.

"Wamepita. Ila mmoja amebaki hapa mlangoni, ananingoja mimi."

Alifariki Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Majirani walikuja wote, wakambeba kwa zamu.

Funzo langu, kabla ya kuweka uzio kaa na watu wa eneo, uliza sheria zao hata kama hati unayo mkononi. Kiwanja chako kinaweza kuwa na njia ya wengine.

Wenye uzoefu karibuni mseme. Mimi mpaka leo najiuliza, ningeendelea kujifanya mjuaji hadi Ijumaa ile, mama ningembeba na nani?