Mlangilangi wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alilijua ua la langilangi, mche wake hakuujua. Matatizo yetu yalianzia hapo. Kwao, watu wa pwani wenye damu ya Kiarabu, langilangi liliingia ndani likiwa kwenye sinia, pamoja na asumini na rehani, tayari kufungwa vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Nani kapanda, nani kamwagilia, hayo hayakumhusu binti wa nyumba.

Tulipohama Kawe kuja Chamazi, alibeba vitunda vyeusi vya mlangilangi wa jirani, akazitia mbegu kwenye kopo la mafuta ya kula. Udongo aliuchota nyuma ya jiko, tulikokuwa tunamwaga maganda na kokwa. Alitaka jambo moja tu: kabla hajafa, alale tena na kikuba kwenye mto, cha maua ya mti wake mwenyewe. Alilisema bila huzuni, kama mtu anayeagiza sukari dukani.

Mbegu za langilangi zina kiburi, hukaa ardhini mpaka umezisahau. Kilichotangulia kuota kilikuwa kimche kinene, majani yanang'aa. Mama akapiga kigelegele uani. Mie nimekulia mashambani, bara. Nilisugua jani, nikanusa, nikamwambia kwa adabu zote kwamba huo ni mstafeli. Akanicheka. Akasema nyie wa bara jueni migomba yenu, langilangi mwachieni mwenyewe. Nikanuna. Siku chache baadaye nikamwona anang'oa kitu chembamba kilichochomoza pembeni ya kopo, akakitupa, ati magugu yasije yakamnyonya mwanawe. Hata mimi sikujua ni nini. Nikapita zangu na ndoo.

Basi mstafeli ukalelewa kama kitinda mimba. Ulipewa samadi, ukamwagiwa maji ya kuoshea mchele, ukafukiziwa udi kwa kuogopa husuda. Miaka ikaenda. Halafu ukazaa stafeli, na miba yake yote, kubwa kama kichwa cha mtoto. Mama alilitazama, akaingia ndani. Jioni aliniambia tu lichumwe, watu wanywe juisi. Nilikuwa nimeiweka akiba siku zote ile "si nilisema mimi", lakini nilipomwona uso wake, nikachukua kisu nikaenda kulichuma.

Nilikwenda Kawe mwenyewe kuomba vitunda vingine, na safari hii udongo niliuchekecha. Mbegu zilipochomoza, nilichuchumaa kuzitazama. Ni kilekile kitu chembamba alichokitupa. Mlangilangi wetu ulikuwa umeota tangu mwanzo, tukauua wenyewe, tukamwagilia mwingine. Sikumwambia, na sitamwambia.

Mche wa pili ulishika vizuri, ila mwenye mti naye alikuwa anazeeka. Mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili. Halafu yakaja mafua mabaya yaliyomlaza, na alipoinuka akawa kila siku analalamika chakula hakina ladha. Lawama zikaja kwa mpishi, yaani mimi, nami nikawa nazidisha ndimu na chumvi kwa hasira.

Mti ulipotoa maua ya kwanza nilichuma moja, nikamkimbizia kitandani. Furaha ilinisahaulisha jambo alilonifundisha mwenyewe: langilangi la kijani halinukii, lisubiri liive, liwe la njano. Nilikumbuka likiwa tayari mkononi mwake. Nikangoja kutaniwa kwa migomba yangu. Akalipeleka puani, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

"Lenyewe hilo, mwanangu," akasema. "Kama la nyumbani kwetu."

Nililinusa baada yake. Lilinuka jani tu. Ndipo nikaelewa malalamiko yake ya chakula: pua yake ilikwenda na yale mafua.

Baadaye maua yaliiva. Uani kote kulinukia, majirani wakawa wanabisha hodi kuomba ya harusi. Nilimfungia kikuba kikubwa, nikakibana kwenye mto wake, nikamwambia mama, leo ni ya njano, yamefunguka kabisa.

"Si nilikwambia tangu siku ile yananukia?"

"Ulisema, mama."

Nikatoka uani. Mstafeli bado upo, hatukuwa na moyo wa kuukata, na mwaka huu umezaa mpaka matawi yameinama. Nikasimama chini yake, nikailia ile miaka tuliyoumwagilia, pua ya mama ikiwa bado nzima.