Mlango Uliobisha Mara Moja

Shangazi, Mungu amlaze mahali pema, ndiye aliyeanzisha mzaha wa kuiita milango iliyonyamaza "marehemu". Mzaha huo ulikuja kumkaba koo.

Alikuwa mkuu wa mifumo katika kampuni ya gesi, ile inayojaza mitungi ya viwandani na matangi ya oksijeni ya hospitali. Kwa miaka mingi, kila programu mpya ilipoingia pale kazini, fundi aliitobolea mlango wa kuzungumza na nyingine: ya oda ikaongea na ya ghala, ya ghala ikaongea na ya madereva, na wateja huko nje nao wakapewa milango yao. Milango hiyo mafundi huiita API. Wengi walioitoboa walishahama kazi, wakaondoka na siri zake kichwani. Kisha wezi wakapenya kupitia mlango mmoja uliosahaulika, wakachota majina na namba za simu za wateja. Bosi aliitwa mbele ya bodi, akarudi uso umemvimba. Ndipo Shangazi akakabidhiwa mpango wa kuleta lango kuu, yaani jukwaa moja la kusimamia milango yote. Kila atakayebisha aonyeshe pasi; asiye na pasi arudi alikotoka.

Alibandika vikaratasi kwenye ukuta wa kioo, kila mlango na karatasi yake. Ya kijani ingehamia langoni kwanza, ya njano ilihitaji matengenezo. Ile iliyokaa kimya muda mrefu aliisukumia pembeni, akaandika juu yake: Marehemu.

"Hawa tutawazika siku ya kufungua lango," alisema, na ofisi nzima ikaangua kicheko. Tangu hapo kona ile haikuwa na jina jingine. Bosi naye aliliokota neno, akaiahidi bodi kwamba Ijumaa marehemu wote watakuwa wamezikwa.

Jumatano, Shangazi akiwa na kikombe cha chai mkononi, marehemu mmoja akabisha.

"Dada, njoo uone mzimu," Kipara alimwita. Kipara alikuwa mwandishi wa programu, kichwa kinang'aa na mdomo haupumziki. "Kafufuka, kasema neno moja, karudi kulala."

Neno lenyewe lilikuwa namba tu: kumi na tisa. Hapakuwa na jina, wala pasi, wala salamu. Namba iliingia kwenye programu kuukuu ambayo hakuna aliyebaki anayeielewa, ikapotelea humo.

"Ametoka wapi?"

"Mtandao wa kawaida tu. Anaweza kuwa yeyote. Anaweza kuwa mwizi anajaribu kitasa."

Hilo ndilo lililomkosesha raha. Akiuacha mlango wazi, wezi wangeweza kurudi, na safari hii wakute mlango amewaachia yeye. Akiufunga, angekuwa amemfungia mtu asiyemjua, anayetaka kitu asichokijua. Chai ilipoa mezani.

Alhamisi asubuhi yeye na Kipara waliketi kwa Bosi. Kabla ya kuingia, Shangazi alisimama kidogo kwenye ngazi, akasali kimoyomoyo kama alivyozoea.

"Bosi, naomba tusifunge kona ile kesho. Kuna mlango umebisha, na mwenyewe hatujamjua."

"Wewe si ndiye uliyesema wamekufa?"

"Mimi ndiye. Nilisema haraka."

"Sasa unaogopa mizimu, mama?" Bosi alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Walipotuibia, mimi ndiye niliyesimamishwa kama mtoto wa shule. Nimeahidi Ijumaa."

Kipara akaingilia, kwa nia njema kabisa. "Si tufanye tunavyofanya siku zote? Tuufunge, tutege sikio. Mwenye nao atapiga kelele, tutamfungulia."

Ndivyo kazi ile ilivyoendeshwa. Ukikosa kumjua mwenye mlango, funga, ngoja kelele. Shangazi mwenyewe alishafanya hivyo mara nyingi, na kila mara simu ililia, mtu akatukana, mambo yakaisha.

"Na kama hawezi kupiga kelele?" aliuliza.

"Kama nani?" Bosi akasema.

"Sijui. Ndiyo maana naomba muda."

"Una mpaka kesho. Usiponiletea mwenye mlango, unafunga. Usipofunga, mpango huu ataushika mwingine, tusilaumiane."

Alitoka, akaanza kupiga simu. Kampuni ya mtandao ilikataa kumtajia mteja wake. Fundi aliyeutoboa mlango alikuwa amehamia nje ya nchi, simu haipatikani. Alhamisi ikayeyuka hivyo hivyo. Nyumbani mumewe alimsemesha mara mbili bila kujibiwa, akasema, "Haya, nitaongea na sufuria." Hata hilo halikumchekesha.

Ijumaa asubuhi alishuka ghalani akiwa hana matumaini. Alimuuliza msimamizi kama Jumatano kulitokea jambo lolote saa ile ya chai.

"Jambo gani? Oda tu. Ile ya hospitali ya wazazi, kule mlimani. Inajitokeza yenyewe kwenye skrini, tunapeleka lori la tangi."

"Nani anaituma?"

"Mimi nijuaje, mama? Nilidhani ni nyinyi wa juu."

Alipiga simu hospitali palepale, amesimama katikati ya mitungi, kidole sikioni kuzuia kelele. Fundi wa hospitali alishangaa kuulizwa.

"Hiyo ni mita ya tangi la oksijeni. Likishuka chini ya asilimia ishirini, inawaambia nyinyi. Likiwa limejaa, inanyamaza."

"Na siku isipotuambia?"

"Isipowaambia? Zamani kulikuwa na mzee wa kuliangalia. Alipostaafu mlituambia hakuna haja ya mwingine."

Shangazi alikaa juu ya mtungi. Alisema, "Ee Mungu wangu," wala hakulisema kwa mazoea.

Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa uso. "Huo mmoja acha. Zika waliobaki."

"Waliobaki nao sijawajua, Bosi. Jana huyu alikuwa kama wao."

"Bodi inangoja jibu jioni hii."

"Najua. Lakini mkono wangu haufungi."

Hakupandisha sauti. Bosi alitazama dirishani, kisha akasema kona yote ingebaki wazi mpaka kila mwenye mlango apatikane, iwekewe ulinzi wa muda, na mpango wa lango angeushika Kipara. Lazima bodi ione mtu amebebeshwa lawama.

"Sawa, Bosi," Shangazi alisema. Mpango ule alikuwa ameulea kama mtoto. "Ila kuwatafuta hao, niachie mimi."

Kipara alimkuta mezani akikusanya vitu vyake. "Dada, sikuomba hiki kiti."

"Najua, mdogo wangu. Kikalie vizuri."

Kisha alibandua karatasi iliyofuata kwenye kona, akaketi nayo karibu na simu, akapiga namba ya kwanza aliyoweza kuipata. Iliita sana. Alingoja.

"Halo," akajibu mtu mwishowe.

"Halo," Shangazi akasema. "Samahani kwa usumbufu. Naongea na nani mwenzangu?"