Gari Lililowaka kwa Shida

Msimu ule wa kahawa mama mkwe alikuwa amehamia kwetu Hasamba. Moyo wake ulikuwa umechoka, ndivyo daktari alivyotueleza, na miguu ilikuwa ikivimba mpaka ngozi inang'aa. Mume wangu ni dereva wa lori. Wiki mama alipozidiwa alikuwa kwenye foleni upande wa Zambia, anasubiri kuvuka kurudi Tunduma. Nyumbani tulibaki mimi na mama, na gari letu dogo uani.

Gari lenyewe lilikuwa linaumwa. Kwa muda mrefu lilikuwa linachelewa kuwaka. Unazungusha ufunguo, stata inavuta kwa uvivu, inavuta tena, na ukishaanza kukata tamaa ndipo injini inashika. Fundi wa Tunduma alisema betri imekufa, tukaweka mpya. Wa Vwawa akasema ni baridi ya huku kwetu, oili imekuwa nzito, akaimwaga na kuweka nyepesi. Mwingine akaifungua stata na kuisafisha. Kila mmoja alituaga kwa uhakika, na kila mara gari lilirudia yale yale.

Asubuhi moja ya wiki hiyo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mibuni niliposikia mama anapumua kwa sauti, kama mtu mwenye maji kifuani. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameinama, midomo imekuwa ya kijivu. Nilimkokota mpaka kwenye gari huku miguu yake ikiburuta. Pikipiki asingeiweza, hata kukaa wima bila kushikwa kulimshinda. Jirani mwenye pikapu alikuwa ameshaondoka kwenda Isansa kubeba kahawa.

Nikazungusha ufunguo. Stata ilivuta mara moja, ikakwama. Nikajaribu tena, ikaguna tu. Gari letu ni otomatiki, hata ningepata watu wa kulisukuma lisingewaka.

Nikampigia mume wangu. Nilimweleza hali ya mama, malori yakinguruma nyuma yake. Kisha akaniambia niwashe taa za mbele halafu nipige stata.

"Zinafifia?"

"Hazififii. Zinawaka vilevile."

"Basi betri ni nzima. Umeme upo, ila kuna mahali unakwama kabla ya kumaliza mzunguko wake. Shika vichwa vya betri, uone kama..."

Simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, sikumpata.

Nilifungua boneti, nikabaki nimesimama mbele ya vyuma nisivyovijua. Nyuma ya kioo nilimwona mama amefumba macho, mabega yanapanda na kushuka. Nikafikiri, atafia hapa, uani kwangu, na mwanawe nitamwambia nini? Vichwa vya betri vilikuwa vimebana. Zaidi ya hapo sikuwa na la kufanya ila kuufuata umeme kwa mkono, mahali unapopita. Waya mwekundu ulikuwa wa baridi mpaka ulikoishia kwenye stata. Mweusi nao ulikuwa wa baridi mpaka ulipofungwa kwenye bodi ya gari. Lakini kutoka kwenye bodi kwenda kwenye injini kulikuwa na mkanda mfupi wa nyuzi za shaba, na vidole vyangu vilipougusa niliurudisha mkono haraka. Ulikuwa wa moto. Injini nzima ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, ila hapo tu palikuwa na moto. Nilipochungulia niliona kutu ya kijani, na nyuzi karibu zote zimekatika; hapo ndipo umeme ulipokuwa unakwama.

Kwenye buti kulikuwa na nyaya za kubusti betri. Nilichukua mmoja, nikabana upande mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, wa pili kwenye chuma cha injini, ili umeme upite huko badala ya kwenye ule mkanda. Meno ya kibanio yakateleza, nikarudia. Nilipoingia kwenye usukani mama alinishika mkono wa sweta.

"Mwanangu, usiniache nifie humu."

"Hufi humu, mama."

Nilisema hivyo bila kuamini. Nikazungusha ufunguo, na stata ikazunguka kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi. Injini ikashika papo hapo. Nilitoka kuondoa waya na kufunga boneti huku nalia, nikaendesha mpaka Vwawa huku nalia.

Hospitali mlinzi aliniambia nizime gari. Nikamwambia siwezi, likizimika sijui kama litawaka tena. Alimtazama mama kwenye kiti, akaenda kuleta kiti cha magurudumu. Walimwekea oksijeni, na jioni rangi ikaanza kurudi kwenye midomo.

Mume wangu alifika kesho yake, bado ana vumbi la safari. Walizungumza Kinyiha, lugha ya kwao, muda mrefu, mimi Mndali nikiambulia neno hapa na pale, nikatoka nje kuwaachia nafasi yao.

Mama aliruhusiwa kurudi nyumbani, akafariki kabla mvua hazijaanza, akiwa kitandani kwake, mwanawe pembeni. Msibani baadhi ya ndugu walisema ningemwacha tu siku ile apumzike, kwa nini nilimrefushia mateso. Hawakuwa ndani ya gari lile, hawakusikia alivyokuwa anaigombania kila pumzi.